Nilivyozishinda kabokationi bila kukariri

Kabokationi ni ioni ambayo kaboni yake moja imebeba chaji chanya, nami nilitaka kujua ipi hutulia zaidi. Kila niliyemuuliza alinipa dawa ileile: kariri tu, ya tatu (kaboni yenye chaji imeshikana na kaboni tatu) hutulia kuliko ya pili, ya pili kuliko ya kwanza, methili (isiyo na kaboni jirani) mkiani. Nikakariri. Ikaja benzili (CH2 yenye chaji, imeshikana na pete ya benzini), ambayo kwa wimbo ule ni ya kwanza, yaani dhaifu. Wapi! Inaziacha mbali za kwanza wenzake. Nikaambiwa, "Hiyo nayo ikariri peke yake." Nikachoka.

Nikaanza upya kwa kuhesabu elektroni. Kaboni yenye chaji ina bondi tatu, elektroni sita badala ya nane, imelala bapa kwa nyuzi 120, na obitali p yake, yaani chumba cha elektroni, ni tupu. Ina njaa. Swali ni nani anailisha. Kwanza natazama kama kuna bondi mbili au pete ya benzini ubavuni. Ikiwepo, chaji inasambaa humo na kazi imeisha. Ndiyo siri yote ya benzili. Isipokuwepo, nahesabu haidrojeni zilizo kwenye kaboni jirani, maana bondi zake nazo huilisha kidogo: methili 0, ethili 3, isopropili 6, butili ya tatu 9. Mpangilio ule wa kukariri unajitokeza wenyewe!

Raha yangu hasa ni 3,3-dimethili-1-buteni, yaani CH2=CH–C(CH3)3, na HCl, swali linalowaangusha wengi. Nazipa kaboni zote namba kwa wino, na namba hizo hazifutwi hata molekuli igeuke vipi. Protoni (H+) ya HCl inakwenda kaboni 1, chaji inabaki kaboni 2. Nahesabu majirani: 3 tu, maana kaboni 3 haina hata haidrojeni moja ya kutoa. Basi inatoa methili nzima! Inahama na elektroni zake mbili, chaji inarukia kaboni 3. Nahesabu tena: 7. Nani angekataa kuhama? Mshale wa elektroni uchorwe kutoka kwenye bondi kwenda kwenye chaji. Anayeuchora kinyume simsahihishii. Kloridi (Cl−) inatua kaboni 3, unapata 2-kloro-2,3-dimethilibutani.

Na anayesema ioni hizi ni za kwenye karatasi tu, amsome mwanakemia George Olah: alizituliza kwenye asidi kali kupindukia zenye SbF5 (antimoni pentafloridi), kwenye baridi kali, akazipima, akapewa Nobeli ya kemia 1994.

Ila kwenye HCl haziishi kiasi hicho. Kloridi nyingine huwahi kaboni 2 kabla methili haijahama, kwa hiyo andika na 3-kloro-2,2-dimethilibutani pembeni.