Nilikwenda Katana kurekodi nyimbo, nikaimbwa mimi

Noti ya dola moja haitembei Goma, mashariki mwa Kongo. Mimi nilikuwa nazo ishirini, mpya kabisa, nimezisaka Bukoba nzima nikiamini nimewahi kujipatia chenji. Mkata tiketi pale bandarini alizisogeza kwa ncha ya kidole kama mtu anayeondoa nzi kwenye uji. "Hizi hazitembee, papa. Leta ya kumi, ya makumi mbili." Nikatoa ya ishirini. Akaiinua kwenye mwanga, akaona imechanika pembeni, mchaniko usiofika punje ya mchele, akanirudishia. Nikaishia kwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli, mafurushi ya faranga mbele yake. Alizipokea karibu zote, ila tano zilizopinda, kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Bei hiyo siitaji. Mke wangu husoma haya.

Ilikuwa Juni 2019. Ya Kigali hadi mpakani sina la kusema, ila kwamba tulinawa kwa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili, maana Ebola ilikuwa Beni na Butembo.

Boti ya usiku nilikata tiketi ya kitanda, kwa kuwa kesho yake nilitaka kufika Bukavu nikiwa na akili. Nilipoingia kibandani nikamkuta mzee amelala, viatu amevipanga chini vizuri, na tiketi yake ina namba ileile ya kwangu. Mhudumu akaitwa. Akazitazama tiketi zote mbili, akazigeuza nyuma, akatangaza kuwa zote ni za kweli. Kisha akaondoka! Mzee alinionea huruma, akajisogeza ukutani, lakini kitanda chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja mwembamba. Nikalala nje juu ya magunia ya viazi, televisheni ikipiga filamu ya kupigana hadi saa tisa usiku. Nani alikuwa akiitazama? Hakuna. Lakini nilipoomba ipunguzwe sauti, watu watatu waliamka kulalamika.

Bukavu ni nzuri, wengi wameshaandika hivyo. Mimi mgongo uliniuma siku mbili, na sambaza wa kukaanga, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakaniponya kiasi.

Nieleze nilichofuata huko. Nina kipindi cha nusu saa redioni kila Jumamosi, cha ngoma na nyimbo za zamani, na nilikuwa nimeanza kukusanya nyimbo za kazi: za kulima, za kutwanga, za kuchuma kahawa. Kwetu Buhaya zimebaki vinywani mwa bibi wachache. Nikasoma kwamba Mmarekani mmoja, Alan Merriam, alikaa na Washi wa Kivu mwaka 1951 na 1952, akawarekodi wasichana wa shambani wakiimba mbele ya mwajiri wao kwamba siku hizi mgao wa chumvi na mafuta umekatwa, na ukiendelea kukatwa wataondoka. Ana kwa ana wasingethubutu. Kwa wimbo walithubutu, na yeye amesimama palepale. Habari hiyo niliipenda mno, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kumbukeni kalamu hiyo nyekundu.

Jambo jingine lililonikera ni pale sauti hizo zilipoishia. Hugh Tracey alipita Kongo na vyombo vyake vya kurekodia mwaka 1952, na hazina ya rekodi aliyoianzisha miaka miwili baadaye sasa iko Makhanda, zamani Grahamstown, Afrika Kusini. Nyingine nyingi ziko Tervuren, Ubelgiji. Mjukuu wa Katana, kijiji nilichokuwa nakiendea, akitaka kumsikia bibi yake aanze kwanza kutafuta viza. Mimi nilijiona mtu wa aina nyingine: ndugu, jirani, Mwafrika mwenye simu na kadi mbili za kumbukumbu, moja ya kwangu na moja ya kuwaachia wenyewe.

Katana iko kaskazini mwa Bukavu, unapita Kavumu penye uwanja wa ndege, kisha njia panda ya Lwiro. Gari dogo tulipakiwa wanne mbele tukiwa na dereva, na mimi ndiye niliyekalia mkono wa gia. Ni kiangazi, vumbi limepaka migomba rangi ya matofali. Nilikuwa na mkalimani, kijana wa chuo kutoka Kadutu, Bukavu, mpole, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu dakika ya kwanza. Akanionyesha miti ya kwinini iliyobaki kutoka zama za Wabelgiji, ile inayobanduliwa magome ya kutengenezea dawa ya malaria. Wanawake tuliowaendea walikuwa wamefanya kazi kwenye mashamba ya aina hiyo, ya kwinini na ya kahawa, tangu usichana wao.

Walikuwa saba, chini ya mwembe. Mkubwa wao, mwembamba, kitenge cha njano, jicho moja lina mtoto wa jicho, alinitazama kwa lile zima kuanzia viatuni kwenda juu, kisha akarudi viatuni. Nikasema "Asinge," salamu pekee ya Kishi niliyoifahamu, wakaitika wote na kucheka. Nikaeleza nia yangu. Nikaomba ruhusa, kama inavyotakiwa. Nikasema mbele ya simu tarehe, kijiji na lugha, maana rekodi isiyo na maelezo hayo baada ya miaka kumi ni kelele tu. Simu nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa kwa sweta langu, upepo usiingie.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za kupalilia, taratibu, mmoja anaanza na sita wanapokea. Ya tatu ikaja tofauti. Mama wa kitenge cha njano aliianza peke yake, akiwa ameangalia pembeni kabisa, kule kwenye zizi la mbuzi, kama asiyehusika. Wenzake wakachelewa kupokea kwa sababu mmoja alibanwa na kicheko, akajifunika uso kwa kanga. Kisha wakapokea kwa nguvu na makofi, na kila ubeti ulipoisha wakazidi kuchangamka. Mimi nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikapiga makofi! Nikacheza hatua mbili tatu, viatu vyangu vya safari vikitimua vumbi, na hapo ndipo waliposhindwa kabisa, wawili wakalala chini kwa kucheka.

"Anaimba nini?" nikamuuliza kijana.

"Ni mambo ya kazi, yaya."

"Na hapa?"

"Kazi tu."

Ubeti wa mistari sita, tafsiri neno moja. Nilipaswa kushtuka. Nikawashukuru, nikatoa bahasha niliyokuwa nimeandaa, ndani yake, Mungu anisamehe, zilikuwemo zile noti za dola moja ambazo yule mama wa mwavuli alikuwa amezikataa kwa kuwa zimepinda. Zilikuwa tano. Mama wa njano alizihesabu, akamkabidhi jirani yake bila neno.

Usiku, chumbani Bukavu, umeme ukiwaka na kukatika, tukaanza kuandika maneno mstari kwa mstari. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kurekodi ni starehe. Za kwanza mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu kijana akaanza kukuna shingo. Akasema sauti haisikiki. Nikamwekea vipokea sauti masikioni. Akasema Kishi cha wazee ni kigumu. Nikamwambia ale kwanza. Akala, akanawa, akakaa kitandani, akatazama sakafu.

"Mi niliona haya kukuambia, yaya. Bale bamama banakuimba weye."

Nimeyaweka kwa Kiswahili changu, ila munyu, yaani chumvi, nimeuacha ulivyo. Maneno yalikuwa haya:

Mgeni amekuja na kisanduku cha kumeza sauti,
amemeza ya kwanza, amemeza ya pili,
tumbo la kisanduku limejaa, chungu chetu hakina munyu.
Viatu vyake vizuri, vumbi la Katana linavipenda.
Munyu umebaki ng'ambo?
Ee, munyu umebaki ng'ambo.

Beti zilikuwa tano. Moja ilihusu namna ninavyokaa kwenye kigoda. Ya mwisho ilitungwa wakati nacheza, na hiyo siiandiki.

Kwanza nilikasirika, nikamkasirikia kijana, ambaye kosa lake lilikuwa adabu. Halafu nikafungua begi nikatoa lile daftari lenye mstari mwekundu. Nimesafiri siku nne kutafuta wimbo wa wanawake wanaomdai mtu chumvi naye amesimama mbele yao haelewi. Nikaupata, nikaucheza.

Asubuhi nikanunua Kadutu mifuko ya chumvi, kilo kumi, na sabuni ya kufulia, kwa faranga nzima nzima, nikarudi Katana kwa gari lilelile na mkono wa gia uleule. Nauli ilikuwa imepanda, sababu eti tuna mzigo. Wanawake walinipokea bila kushangaa. Mama wa kitenge cha njano alifungua mfuko mmoja, akachovya kidole, akaonja, akatingisha kichwa kukubali. Nikampa na kadi ya kumbukumbu, mjukuu wake akaitia kwenye simu, wakajisikiliza. Walijisahihisha wao kwa wao: huyu kachelewa, yule kakwepa neno. Wimbo wa tatu waliurudia mara nne. Nikamwomba, safari hii nikijua ninachokiomba, auimbe tena mzima. Akageukia zizi la mbuzi, akaanza, na mwishoni akaongeza:

Munyu tumeuona, ee, munyu tumeuona.
Mafuta yalipanda gari gani?

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kabla sijaondoka wakanipeleka kwa mzee mwenye lulanga. Nilipoiona nilinyamaza. Ni enanga ya kwetu, ileile: ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja unaopita kwenye meno ya juu na ya chini, huku na huku, mpaka unakuwa nyuzi nane. Mzee aliipakata, akaimba kwa sauti ya chini kama anayemsengenya mtu aliye chumba cha pili. Babu yangu aliipiga hivyo, jioni, rubisi, pombe ya ndizi, ikiwa imeiva. Alikufa nikiwa kidato cha tatu, na hakuna aliyemrekodi, ingawa baba alikuwa na redio kaseti ya kurekodia sebuleni, tukiitumia kunasa matangazo ya mpira. Ile enanga yenyewe ilikatika nyuzi, na kwa kuwa ina umbo la hori, mama mdogo akaigeuza ya kuwekea kuku pumba. Niliiona hapo miaka mingi. Niliichukulia kama chombo cha kuku.

Kurudi nilipanda boti ya mchana, ghali mara kadhaa, kiti kimoja mtu mmoja. Sijutii.

Nyumbani nilimsikilizisha bibi, upande wa mama, akitafuna kahawa yake ya kuchemsha. Alishika neno moja hapa, jingine pale. Kwenye munyu alinyoosha shingo. Kabla sijatafsiri alikuwa ameanza kucheka, na nilipotafsiri akacheka upya.

"Na mafuta ulimpelekea?"

Nikasema siku ziliniishia.

Akatema maganda kwenye kiganja, akaniambia nikizime hicho kisanduku. Nikakizima. Akaanza kuimba, macho yako kwenye migomba, na jina langu lilikuwemo tangu mstari wa kwanza.