Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Somo la Intaneti na Jamii

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuamka, na kabla ya saa kumi na mbili niko kituoni Gongo la Mboto nikigombea daladala pamoja na wauguzi, mafundi na wanafunzi wa sekondari. Safari ya chuoni ni ndefu, nami huitumia kupitia maandalizi ya mhadhara. Abiria wa pembeni akiuliza kazi yangu, nikamjibu kwamba ninafundisha somo la intaneti na jamii, mara nyingi hunipa simu yake ili nimrudishie akaunti iliyoibwa. Ninaandika habari za Jumatano hii moja kwa sababu hata baadhi ya wasomi wenzangu wanadhani kwamba tunawafundisha vijana namna ya kutumia kompyuta. Somo letu linauliza ni nani anayemiliki njia ambazo ujumbe unapita, ni nani anayetunga masharti, ni nani anayelipwa na ni nani anayeumia.

Saa mbili asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, na projekta haikuwaka, hivyo nilichora ubaoni pwani yote ya mashariki ya Afrika, kuanzia Afrika Kusini hadi Bahari ya Shamu. Kila mwaka huanza mhadhara huu kwa kuwauliza wanafunzi intaneti iliyomo simuni mwao inatoka wapi, na walio wengi hujibu kuwa inatoka kwenye mnara au angani. Ndipo ninapowachorea waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao SEACOM, uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, kisha ule wa EASSy uliofuata mwaka 2010, na kuwaeleza kwamba kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, kwa gharama ambayo iliifanya intaneti kuwa kitu cha ofisi na cha vibanda vya kulipia kwa dakika. Wanafunzi hawa walikuwa watoto wadogo wakati huo. Wanachokikumbuka vizuri ni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika baharini upande wa kusini na mtandao ukadorora nchini. Kijana mmoja alisimulia jinsi kaka yake, ambaye anauza nguo kwa picha za simuni, alivyokaa na mzigo bila kuweza kumwonyesha mteja hata gauni moja. Nilimwomba aje ubaoni aonyeshe kwa kidole mahali ambapo biashara ya kaka yake ilikatikia.

Saa nne hadi saa saba zilikwenda kwa kusaini mahudhurio, kukaa kwenye kikao cha idara na kuitwa ofisi ya jirani kutazama printa, kwa kuwa mimi ndiye "mwalimu wa mtandao".

Saa nane mchana ilianza semina ya mwaka wa pili, ambayo kwenye ratiba ilipaswa kwisha saa kumi. Mada ilikuwa faragha. Kabla sijafungua daftari, binti mmoja aliyekaa mbele alisimama na kusema, "Samahani, mwalimu, naomba tuanze na hili," kisha akasoma ujumbe ambao alikuwa ameupokea usiku. Ulimtaja mama yake mdogo kwa jina kamili, ukamwita tapeli, ukamtaka binti huyu amwambie alipe deni lake kabla ya saa sita mchana, la sivyo picha yake ingesambazwa. Binti hajawahi kukopa popote. Kosa lake ni kwamba namba yake imehifadhiwa kwenye simu ya mama yake mdogo, ambaye alichukua mkopo wa mtandaoni ili kulipia kodi ya chumba. Nilipouliza ni wangapi wamewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo, mikono iliyobaki chini ilikuwa michache.

Niliyaweka maandalizi yangu pembeni. Mtandao wa chuo haukuwa ukifika chumba kile, kwa hiyo niliwasha hotspoti kwa bando langu, tukafungua masharti ya programu ya simu iliyotoa mkopo ule, maandishi marefu ya Kiingereza cha mawakili, nikawagawa wanafunzi katika makundi ili kila kundi lieleze kipande chake kwa Kiswahili ambacho mama mdogo angekielewa. Kundi la nne ndilo lililokipata kifungu tulichokuwa tukikitafuta: mkopaji anairuhusu kampuni kusoma orodha yote ya namba zilizomo simuni mwake.

Hapo ndipo kijana mmoja wa nyuma alipoanza kubishana, na kwa karibu saa nzima hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisema aliyekopa alibonyeza kukubali, hela alikula, na mtu mzima anapaswa kulipa deni lake. Kila tulipomjibu alirudia hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi, na wenzake wakaanza kumzomea. Kwa kweli nilichoka naye, lakini ubishi wake ulikuwa na ujuzi ndani yake, nami nilitaka kujua ameupata wapi. Nilipomuuliza kwa utulivu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wakati wa likizo alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo ya kudai. Walikuwa chumba kizima cha vijana, kila mmoja na kompyuta na maneno ya kusema yaliyokwisha kuandikwa, na malipo yalitegemea kiasi ambacho mtu amekusanya.

Chumba kililipuka. Ilinibidi nisimame katikati na kuwakumbusha kwamba aliyesema ukweli wake mbele ya darasa hatukanwi. Nilimwomba aendelee, naye akaeleza jambo ambalo nisingeweza kulipata kwenye kitabu chochote: kwamba walielekezwa kuanza na majina yaliyohifadhiwa kwa cheo, yaani "Mama", "Bosi", "Mchungaji", "Baba Mkwe", kwa sababu mdaiwa huogopa aibu mbele ya watu hao kuliko anavyoogopa mahakama. Sisi huwaandika watu wetu simuni kwa undugu na heshima zao, na heshima hiyo hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa fimbo. Binti wa mbele alimgeukia, akamuuliza kama na yeye aliwahi kumpigia mama wa mtu. Alijibu kwamba ndiyo, na kwamba aliacha kwa sababu hiyo.

Baada ya jibu hilo darasa lilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote muhula huu. Tulitazama orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha bila leseni ambayo Benki Kuu ya Tanzania iliitangaza Novemba 2024. Tuliisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, tukajadili kwa kina swali moja: hata kama mama mdogo aliridhia, je, aliweza kuridhia kwa niaba ya watu wote waliomo simuni mwake? Kijana wa nyuma ndiye aliyesema hapana, akaeleza na sababu. Tulikubaliana kwamba binti aandike malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na darasa likamsaidia kupanga hoja. Tulipotoka jua lilikuwa limekwisha kupoa, sauti yangu imekauka, na bando limekwisha.

Darasa la jioni ni la watu wazima wanaotoka kazini, nao huja wamechoka kama mimi. Sikumbuki vizuri ni saa ngapi tulianza. Mwandishi wa habari mmoja aliuliza ni nani anayeziondoa video za mauaji na udhalilishaji kabla hazijatufikia. Niliwaeleza kwamba wengine wao walikaa Nairobi, vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kukagua maudhui ya Facebook, na kwamba Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alizifungulia kesi Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, huko huko Nairobi kutokana na madhara ambayo kazi hiyo iliwaachia. Muuguzi mmoja alisema kwamba wodini, baada ya kifo kibaya, mtu hupewa walau nafasi ya kukaa na wenzake. Niliwaruhusu waondoke mapema kidogo, nami nikapanda daladala ya mwisho mwisho nikiwa nimesimama.

Nyumbani nilisahihisha insha chache tu, macho yakagoma. Nilipokuwa nikifunga kompyuta, binti wa semina alinitumia rasimu ya malalamiko yake. Ilikuwa nzuri, yenye tarehe, namba zilizotuma ujumbe, na kifungu cha masharti kimenukuliwa neno kwa neno. Nilirekebisha aya mbili, kisha nikamjibu kwamba kabla ya kuipeleka amwombe ruhusa mama yake mdogo, kwa kuwa jina lake na deni lake navyo ni taarifa binafsi, na kwamba kesho nitakuwa ofisini kuanzia saa tatu.