Nilivyoongeza sola kwenye trela ya safari bila kutupa hela

"Ongeza paneli tu bosi, sola ni sola." Hayo maneno nimeyasikia Unga Limited, nikayasikia Kilombero, zote za hapa Arusha, nikayasikia mpaka kwa madereva tunaotoka nao porini, na yananikera kwa sababu yanawamaliza watu hela. Mimi ni mpishi wa safari za kambi. Trela ndio jiko langu na stoo yangu, ndani kuna friji ya kompresa ya volti 12, taa, na inveta ndogo ya wageni kuchajia kamera. Ilikuwa na paneli moja ya wati 100 na betri mbili za jeli. Ukiwa Arusha mjini unaona inatosha kabisa, ila ingia nayo Ndutu, kule mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, mwezi wa pili, joto kali, friji inafunguliwa kila saa, ikifika alfajiri inapiga kelele na kuzima na nyama ya wageni imo humo.

Hesabu yake wala sio ngumu. Friji ikizunguka inakula kama ampea 4, kwenye joto inazunguka karibu nusu ya siku, tayari hapo ni ampea 45 hadi 50 za saa na taa bado. Paneli ya 100 jua likiwa zuri inaleta ampea 5 na kitu, piga mara saa tano za jua la maana, hata 30 hufiki. Kila siku unalala na deni kwenye betri.

Sasa kuna duka moja wakanishikia bango nichukue paneli kubwa ya nyumbani, wati 250. Nikasema sawa, tuijaribu hapa hapa kabla sijatoa hela, trela ipo nje na mita ya klampu ninayo, ile inayobana waya na kukusomea ampea. Saa saba mchana, mwezi wa kwanza, hakuna wingu. Tukachomoa ya zamani tukaunga ile kubwa kwenye kontrola yangu, kile kidude kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, hizi za kawaida za bei rahisi zinazoitwa PWM. Mita ikasoma 8. Fundi kafurahi. Nikamwambia kaka, betri iko volti 13, mara ampea 8, hiyo ni wati 104, zilizobaki ziko wapi? Akasema waya. Tukabadilisha waya, 8. Akasema vumbi, kijana akaifuta na maji, 8 ile ile. Mwisho akasema nisubiri jua likae vizuri, na jua lilikuwa utosini! Ukweli ni kwamba paneli ya namna ile inafanya kazi kwenye volti 30 hivi, na PWM haiwezi kugeuza volti kuwa ampea, inaishusha tu paneli hadi volti ya betri na kinachozidi unakikosa. Aina nyingine ya kontrola, MPPT, ndio inageuza. Halafu kontrola yenyewe ilikuwa ya ampea 10, ningeongeza na paneli ya zamani pembeni ya ile kubwa ningekuwa nimepitiliza kabisa uwezo wake.

Nikaondoka pale nikachukua mbili za wati 100 zenye seli 36 sawa na ya zamani, laki na kitu kila moja, na MPPT ya ampea 30 ambayo ndio ilikula hela, laki tatu kasoro.

Kabla sijafunga hata nati moja nilizilaza zote tatu uani, na hiki kitu namshauri kila mtu. Kwanza nikaziunga sirizi, yaani moja inafuata nyingine kwenye mstari mmoja, nikamwambia mke wangu afunike kona ya moja na kanga. Wati zikaanguka zaidi ya nusu, maana kwenye sirizi iliyopata kivuli inabana njia ya zote. Nikageuza paraleli, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kanga ile ile kona ile ile, ikapungua hiyo moja tu, zile mbili zinaendelea kama kawaida. Kambi zetu ziko chini ya migunga, kivuli hukikwepi, kwa hiyo nikabaki na paraleli.

Ila paraleli inataka waya mnene na hapa mafundi wengi wanabania. Ampea zinafika 17. Nilijaribu na waya wa milimita 2.5 za mraba, huu wa soketi za nyumbani, nikapima juu ya paa na kwenye kontrola, volti moja na zaidi imeliwa njiani. Wa 6 ikashuka hadi nusu volti. Na kila paneli iwe na fyuzi yake, zikiwa tatu moja ikipata shoti zile mbili zinaisukumia moto.

Ninachojivunia zaidi ni paneli ya tatu, hiyo sikuifunga juu. Ina waya mrefu na konekta, trela naiegesha kivulini friji isihangaike, paneli naivuta mpaka juani. Jioni inaingia ndani, fisi wa Seronera, katikati ya Serengeti, wanatafuna chochote. Za juu nimezifunga kwenye keria iliyokuwepo, sijatoboa paa, nimeacha uwazi wa vidole viwili hewa ipite maana paneli ikichemka volti zinashuka. Tumia nati zenye nailoni ndani, ile barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, geti la Serengeti, inafungua kila kitu, mimi hata hizo nazikagua tukifika.

Sasa hivi Ndutu friji inalala na kuamka inazunguka, na saa nne asubuhi betri inaanza kujaa. Kontrola ikifika iunge betri kwanza ndio paneli, halafu iwekee aina ya betri uliyonayo, yangu ilikuja imesetiwa lithiamu wakati mimi natumia jeli.