Mbao tatu za tanga kwenye karakana yangu ya Sahare

Mwezi wa nne hoteli moja ya huku kwetu pwani ilikuwa inasafisha stoo. Wakanipigia simu nikachukue mabodi yao mabovu kabla hayajaenda jalalani. Wao walitaka nafasi tu. Mimi nikarudi Sahare nyuma ya guta lililobeba mbao tatu za tanga, zile ambazo mtu husimama juu yake, akashika tanga kwa mikono miwili, akaondoka na upepo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nafanya kazi ya faiba hapa Tanga. Nimeziba maboti, matangi ya maji, hata mabafu, lakini sijawahi kupokea kazi iliyonikosesha usingizi kama hii.

Nilizilaza sakafuni ubavu kwa ubavu, nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa muuza pweza wa soko la samaki la Deep Sea, nikaanza kupima. Wa kwanza, wa manjano uliopauka: urefu mita 3.65, upana sentimita 65, kilo 24. Wa pili: mita 2.75, upana sentimita 55, kilo 8. Wa tatu: mita 2.60, upana sentimita 85, kilo 12. Niliandika kwa chaki ukutani na bado zipo. Chombo hiki kilianza kirefu na kizito, kikafupishwa na kukondeshwa miaka na miaka, halafu ghafla kikapanuliwa. Huo upana wa mwisho ndio ulionishughulisha.

Babu yangu mzaa mama amechonga ngalawa maisha yake yote. Nilimleta azione. Akazipita mbili, akachuchumaa kwenye ule wa manjano, akapitisha kiganja kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, kama anavyokagua gogo la mwembe kabla hajalitia tezo. Akaliona tundu la katikati la kushushia ubao wa kuzuia kusukumwa pembeni. Akaliona pezi la nyuma. Kisha akauliza:

"Usukani uko wapi?"

"Hauna, babu."

"Sasa chombo cha tanga kisicho na usukani, kinamsikiliza nani?"

Nikasimamisha mlingoti. Chini yake kuna kiungo cha mpira, kifupi kuliko kidole cha shahada, kinachouachia mlingoti ulale upande wowote na kuzunguka utakavyo. Nikamwonyesha: ukiliinamisha tanga mbele, omo inaukimbia upepo, ukilivuta nyuma, omo inapanda joshi, kule upepo unakotoka. Babu akaushika mlingoti mwenyewe, akaulaza mbele, akaurudisha nyuma, mara tatu nne, kimya. Kwenye ngalawa mlingoti ukilegea ni msiba. Hapa huo ulegevu ndio usukani.

"Aliyefikiria hivi alikuwa baharia?"

Nilimweleza kuwa alikuwa mhandisi wa ndege. Jim Drake alikuwa akiishi California, na rafiki yake Hoyle Schweitzer alikuwa mtu wa kuteleza mawimbini. Walitaka kuunganisha mambo mawili, tanga na ubao. Drake aliyajua mabawa, na tanga ni bawa lililosimamishwa wima. Swali lililomsumbua lilikuwa lile lile la babu: bila usukani utageukaje? Jibu likawa kuuachia mlingoti uyumbe na kumpa mtu miti miwili iliyopinda, inayolikumbatia tanga pande zote, ili ashike popote atakapokuwa. Mwezi wa tano 1967 waliujaribu majini huko Marina del Rey, na mwaka 1970 wakapewa hataza ya Marekani, yaani hati ya kumiliki ubunifu wao.

Hawakuwa wa kwanza kabisa. Newman Darby wa Pennsylvania alikuwa ameshasimama juu ya ubao wenye tanga la kushika kwa mikono mwaka 1964, na mwaka uliofuata jarida la Popular Science likachapisha maelezo ya namna ya kuutengeneza. Hakujiandikishia hataza. Na Uingereza, kwenye kisiwa cha Hayling, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alijiundia wake mwaka 1958. Kesi ya hataza ilipofika mahakamani Uingereza, ubao wa yule mtoto ulikuwa sehemu ya ushahidi, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ikaamua hataza ile haisimami nchini humo. Mimi moyo wangu uko kwa yule mtoto. Nimewaona watoto wa Sahare wakitundika kanga kwenye kijiti na kusafiria kipande cha godoro, na sijawahi kufikiri kuna jaji angeweza kuitwa kulitazama jambo hilo.

Turudi kwenye ule wa manjano, maana ndio ulionifundisha zaidi. Ulikuwa na ufa wa shibiri moja karibu na tundu la mlingoti, na maji yaliingia ndani. Nikausafisha, nikaupiga msasa, nikapaka rezini, ile gundi ya maji inayokauka ngumu, na vitambaa viwili vya faiba kama ninavyofanya siku zote. Asubuhi kiraka chote kikabanduka mzima mkononi mwangu, kama gamba la changu. Nikapaka tena, kikabanduka tena. Hapo ndipo nilipoelewa nashughulika na nini. Ubao wa Drake na Schweitzer ulipoingia kiwandani ulitengenezwa kwa polietilini, plastiki laini yenye nguvu, na rezini haishiki kwenye polietilini hata ukiomba dua. Kiwandani waliichagua kwa sababu inavumilia: unaupiga kwenye miamba, unauburuta mchangani, unauacha juani, nao unadunda tu. Gharama yake ni uzito.

Basi nikaenda dukani nikaomba dumu tupu la mafuta ya kula, lile la manjano la lita 20, maana nalo ni polietilini. Nikalikata vipande vyembamba kama ukili, nikapasha pasi ya kulehemu, nikaanza kuyeyusha kipande juu ya ufa, sentimita kwa sentimita. Plastiki ya dumu na plastiki ya ubao zikachanganyika mpaka mstari ukapotea. Ilinichukua jioni mbili na macho yalinichonyota kwa moshi. Hata rangi zimekaribiana.

Ule wa pili nautazama kwa moyo mzito. Watu walipoupeleka ubao wa tanga Hawaii, walikuta upepo mkali na mawimbi makubwa, na ubao mrefu ukawa mzigo. Mwaka 1977 vijana wa Kailua walifunga mikanda ya miguu ili waweze kuruka mawimbi bila kutengana na ubao. Baada ya hapo mkasi ukaanza kukata: urefu ukapungua, ubao wa katikati ukaondolewa, povu jepesi likavikwa faiba na epoksi, baadaye kaboni. Ni kazi safi ya mikono, hilo nalikubali. Ubao huu ukishikwa na upepo mkali haupasui maji, unapanda juu yake na kuteleza. Lakini upepo ukiwa mdogo haukubebi. Piga hesabu: ubao una ujazo wa lita 80, yaani unaelea na kama kilo 80 tu, wenyewe una kilo 8, tanga na mlingoti kilo 10, mimi kilo 72. Jumla 90. Unazama.

Nilipokuwa na miaka 19 mwalimu wa hoteli moja alinipa ubao wa namna hii nijifunzie, saa tatu asubuhi, kusi halijaamka, bahari ya bluu na kimya. Nilipanda ukazama hadi magotini. Nilipanda tena. Nilikunywa maji ya chumvi asubuhi nzima, nikaambiwa sina mwili wa mchezo huu, nikaamini. Sikugusa ubao kwa miaka tisa. Nasema wazi: miaka ile waundaji walimtazama bingwa wa Hawaii wakamsahau mtu wa ghuba tulivu, na watu wengi waliuacha mchezo kwa sababu walipewa chombo kisichowafaa wakadhani kasoro ni yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo upana uliporudi, na kinachonifurahisha ni kwamba Drake mwenyewe, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alishirikiana na Svein Rasmussen wa Starboard, kampuni ya kutengeneza mbao za tanga, katika mbao hizo pana. Za mashindano zilifika karibu mita moja ya upana. Ubao mpana nyuma unakupa nguvu ya kulikandamiza pezi refu, hadi sentimita 70, na pezi refu linakuruhusu kushika tanga kubwa, na tanga kubwa linakuondoa kwenye upepo ambao zamani ungekuacha umesimama. Kwa anayejifunza, upana unampa pa kuweka miguu.

Nilipomweleza babu haya aliupima ubao wa tatu kwa shibiri, akasema ngalawa ya mwanafunzi yeye huifungia matengo mapana, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, ya fundi mzoefu huyavuta karibu. Alisema hivyo kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Olimpiki nayo inaonyesha mwendo huo huo. Mchezo uliingia Los Angeles 1984. Kuanzia 1996 hadi 2004 walitumia ubao wa Mistral wa sentimita 372. Kuanzia 2008 ukaja RS:X, sentimita 286 kwa 93. Mwaka 2024, Marseille, wakatumia iQFOiL: sentimita 220 tu, upana 95, na chini yake kuna nguzo yenye mabawa yanayouinua ubao wote kutoka majini. Mhandisi wa ndege alianza na bawa juu, sasa bawa la pili liko chini ya maji. Huo sijaugusa kwa mkono wangu, kwa hiyo nauachia hapo.

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, kusi la wastani, tuliushusha ule mpana na ule wa manjano. Binti yangu ana miaka 11. Alipanda ule mpana, akavuta tanga kwa kamba, akasimama. Alianguka mara nne, ya tano akaondoka, akaenda kama mita 50 kuelekea kisiwa cha Toten akipiga kelele niache kumfuata. Mimi nikachukua ule wa manjano, nikaenda joshi hadi mikono ikafa ganzi.

Jioni niliusimamisha wa manjano juu ya mawe mawili, nikafungua kizibo cha nyuma na kungoja. Halikutoka hata tone.