Siku yangu moja na ramani ya majivu chini ya mwembe

Saa kumi na moja alfajiri. Sijaamshwa na alamu, nimeamshwa na mashine ya jirani ya kupulizia salfa. Mwezi wa saba huku Lindi ndo hivo, mikorosho inapuliziwa umande ukiwa bado kwenye majani, ukiitisha kikao asubuhi utakaa na mwenyekiti na kuku basi. Mi ni mtendaji wa kijiji, njia ya kwenda Nachingwea, mwaka wa tatu huu, nishajifunza: kikao saa nane mchana. Na cha leo ni cha kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji, wapi malisho, wapi mashamba, wapi njia.

Saa mbili ofisini. Hata sijafagia, kaka mmoja kaja na karatasi ya mauziano ya kiwanja anataka mhuri. Kijiji kimekua, kila mtu anataka fremu barabarani, na hapo alipouziwa (na nani, hataki kusema) ndo tuliposema ipite njia ya kwenda zahanati, ile ambayo tumefyatua wenyewe matofali, boma limefika lenta na bado halina bati. Nikamwambia kaka, mhuri ninao ila ardhi haipiti kwa mtendaji peke yake, halmashauri ya kijiji inakaa kwanza, sheria ya ardhi ya vijiji namba 5 ya 1999 hiyo, sio roho mbaya yangu. Akasema, "Dada we mgumu kama ming'oko mibichi," vile viazi pori vya huku kwetu. Nimecheka huku nimekasirika.

Saa nne afisa wa wilaya kafika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Tukazunguka mpaka wa kijiji na kamati, yeye na jipiesi, sisi na wazee. Miguu imekoma.

Saa nane watu hao chini ya mwembe. Tukagawana makundi mawili, kila kundi lichore kijiji chini kwenye mchanga, majivu ndo barabara, majani ya mkorosho ndo mashamba, vizibo vya soda visima. Wanaume wakamaliza haraka: barabara, msikiti, ghala la AMCOS (ushirika wa wakulima), uwanja wa mpira (mkubwa kuliko shule, nawaambia ukweli), na eneo la malisho, maana tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya 2006 na wengine wakaletwa mkoa huu, suala la ng'ombe halikwepeki. Kizibo hata kimoja hawajaweka.

Wanawake bado wako kwenye kijinjia. Wanabishana kinakata kushoto kabla ya mbuyu au baada, wameweka kisima cha kiangazi, wanakookota kuni, wanakochimba ming'oko. Nikataka kuwaharakisha, bahati nzuri nikanyamaza, maana bibi mmoja kasimama kaenda kwenye ramani ya wanaume, kaangalia weeee, kisha kaweka kizibo katikati ya malisho.

"Mtendaji mwanangu, mwezi wa kumi tutachota nini hapa, mkojo wa ng'ombe?"

Kimya. Mjumbe mmoja akajitetea kwamba hapo hakuna kisima, ni kidimbwi tu. Aliyemkata ni mzee wa wafugaji, kakaa pembeni kashika fimbo yake: "Kisima kipo. Ng'ombe wangu wanakijua kuliko wewe." Watu hoi! Ila baada ya kicheko ndo kazi ikaanza kweli, malisho yakasogezwa ng'ambo ya korongo, mzee akataka ng'ombe waachiwe njia ya kufika huko, kina mama wakataka njia hiyo isiguse mihogo yao, tumevutana mpaka saa kumi na moja na nusu. Na bado ni mapendekezo, yanaenda mkutano mkuu, huko kila mwenye miaka 18 ana mkono wake wa kunyoosha.

Wakati tunafunga kikao, kuku wakapita juu ya ramani, pale kwenye msitu wa hifadhi. Nikawahi kupiga picha.

Saa tatu usiku, ugali wa muhogo umepoa, nahamishia ramani kwenye karatasi ya manila kutoka kwenye picha ya simu. Kuna mstari wenye matawi matatu kaskazini, nimeukuza mara mbili, nilitaka kuuandika mto. Mguu wa kuku.