Nilivyolielewa neno "bank" kupitia baraza na fungu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri kutoka Kiingereza nilipewa jedwali la maagizo kwa wakulima wa bondeni. Sentensi zilikuwa zimekatwakatwa, kila moja kwenye chumba chake, bila picha wala maelezo. Moja ilikataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka "the bank". Nikaandika: "Usijenge ndani ya mita 60 kutoka benki." Makaratasi yakachapishwa hivyo hivyo. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja akasimama akaniuliza, "Mwanangu, benki iko wilayani. Sisi huku inatuhusu nini?"

Iliniuma sana. Umbali ule wa mita 60 umo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, na unalinda kingo za mito zisimomonyoke. Watu walistahili kuelewa.

Nikaanza kukariri maana kutoka kwenye kamusi: ukingo, benki, fungu la mchanga, safu ya mitambo, kutegemea. Kesho yake nusu zimepotea. Kilichoniokoa ni kufuata asili ya neno. Shina lake liko katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani, na linaelekea kumaanisha kitu kilichoinuka, kama tuta au ubao wa kukalia. Waskandinavia waliohamia Uingereza walikuja na lile la tuta. Hapo ndipo ulipotoka ukingo wa mto. Tawi jingine liliingia Italia likawa banca, benchi au meza ya mbadilisha fedha. Ukoo wa Medici ulipoanzisha benki yao Florence mwaka 1397, jina la benchi lilikwisha kuwa jina la biashara nzima. Aliyeshindwa kulipa alisemwa banca rotta, benchi limevunjika, na Waingereza wakapata humo neno lao la kufilisika. Hata "bench" yao ni ya shina hilohilo. Basi benki na benchi za Kiswahili ni ndugu!

Hapo nikalikumbuka baraza. Nyumba za Mwambao zina baraza mbele, mahali pa kukaa na kuzungumza. Nasi tuna baraza la wazee na Baraza la Mawaziri. Kikalio kimekuwa taasisi, kama banca ilivyokuwa. Fungu nalo: kwa mvuvi wa Dar es Salaam ni mchanga ulioinuka baharini, kama Fungu Yasini, kwa muuza nyanya ni nyanya alizozipanga, na bajeti ya serikali hupitishwa fungu kwa fungu. Mchanga na fedha ndani ya neno moja, na hatuchanganyikiwi, kwa kuwa tumekua nalo.

Tangu hapo, nikikutana na neno la namna hii natafuta kwanza picha yake ya mwanzo, kisha naangalia maneno jirani. Jedwali likija bila maelezo, napiga simu kuuliza linahusu nini kabla sijaandika neno.

Agizo lile tulilirekebisha: "Usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto." Majuzi nikapata habari ya rubani, na "bank" safari hii ni kitenzi. Nikawaza mteremko wa tuta, nikaandika: ndege ikalalia upande wa kushoto.