Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito), Dodoma

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu, na jambo la kwanza ni kufungua kabati lenye kufuli mbili ili kulinganisha mofini iliyomo, dawa kali ya maumivu, na hesabu aliyoiacha mwenzangu wa usiku. Dawa za jamii ya afyuni zinadhibitiwa kisheria, kwa hiyo kila mililita inayotoka huandikwa daftarini pamoja na jina la mgonjwa na saini. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu. Kwangu mimi ndio unaotupa ujasiri wa kuitoa dawa yenyewe.

Saa 2:30. Tunapita wodini na daktari. Wagonjwa wengi hupima maumivu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mama mmoja kutoka Kongwa, mwenye saratani ya shingo ya kizazi, alikuwa akinyoosha vitano. Leo ananyoosha kimoja. Hata hivyo, anasinzia katikati ya mazungumzo, na mkono ulioshika kikombe unashtukashtuka hata uji unamwagikia kanga. Binti yake ananiuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ndiyo anaondoka?"

Namwomba asubiri kidogo, kisha nahesabu pumzi za mama kwa dakika nzima, nikiangalia saa wala si kukisia. Ni 14. Ninapomwita anafumbua macho na kunijibu. Saratani ya aina hii inaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na figo zikidhoofika, mabaki ya mofini hubaki mwilini na kuleta usingizi mzito na mishtuko kama hii. Daktari anaagiza kipimo cha damu cha figo, anapunguza dozi na kuongeza muda kati ya dozi moja na nyingine. Hatumpi nalokisoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, kwa sababu anapumua vizuri na maumivu yote yangemrudia kwa mkupuo.

Saa 5:00. Kliniki. Mgonjwa mpya, mzee mwenye saratani ya koo, ameshatumia tramadoli, dawa ya maumivu isiyo na nguvu kama mofini, hadi kikomo chake bila nafuu. Kwa kuwa umri umekwenda, anaanza na miligramu 2.5 za mofini ya maji. Mkewe ndiye atakayempa, kwa hiyo yeye ndiye ninayemfundisha kuvuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, na ananirudishia ratiba kwa mdomo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili saa 8 usiku wasiamke. Dawa isingojee maumivu yarudi. Maumivu yakichomoza katikati, ipo dozi ya ziada, nayo huandikwa ili tujue kama kipimo kinahitaji kupandishwa. Namwonya pia kuhusu pombe na dawa za usingizi, na chupa ikae mbali na wajukuu. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo huzoeleka kwa wengi, lakini choo kigumu hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo. Nimeona wagonjwa wakiacha mofini kwa sababu ya choo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Saa 9:00. Kwa bajaji hadi Nkuhungu. Mzee mwingine ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, na chupa yake imejaa kuliko inavyotakiwa. Mwanawe, dereva wa bodaboda, anakiri kwamba amekuwa akimpa usiku tu. "Sista, sitaki baba awe teja."

Simwambii kwamba hofu yake ni upuuzi. Mwili huizoea mofini, na ikikatwa ghafla mgonjwa hutoka jasho, huharisha na kukosa utulivu. Ndiyo sababu hupunguzwa polepole. Uraibu, yaani kuitamani dawa na kuitafuta hata inapoleta madhara, ni jambo jingine. Upo, ingawa si jambo la kawaida kwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi, na ndiyo maana tunauliza historia ya ulevi na kukagua chupa. Kisha namwonyesha baba yake, ambaye hajageuka kitandani tangu asubuhi. Dozi zilizorukwa hazifidiwi kwa mara moja: anarudi kwenye ratiba kwa kipimo kile kile, nami nitampigia kesho. Pia nawakumbusha tarehe ya mionzi, kwa sababu maumivu ya mfupa mara nyingi hayatulizwi na mofini peke yake.

Saa 11:30 jioni. Majibu ya figo yamethibitisha tulichoshuku. Namkabidhi mwenzangu wa usiku: mama wa Kongwa ahesabiwe pumzi kila saa; zikishuka chini ya 10, au akiwa mgumu kuamka, dozi isitolewe, na daktari aitwe mara moja; akinyoosha vidole vitatu au zaidi, daktari aitwe vilevile.